Umefanyiwa upasuaji wa kizazi kilichoshuka? Usingoje maumivu yakuzidi

Juzi dada mmoja ameniandikia. Kafanyiwa upasuaji wa kurudisha kizazi kilichoshuka, yuko nyumbani, anauliza kama ni kawaida kulia kila anapogeuka kitandani. Mwishoni kaongeza kwamba anaogopa kumeza dawa kwa sababu wakubwa wanamwambia atazoea. Hilo limenikera sana, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo. "Umezaa bila kupiga kelele, leo mshono unakushinda?"

Mimi nilishonwa ukuta wa mbele na wa nyuma wa uke, kisha sehemu ya juu ikafungwa kwa nyuzi kwenye kano lililo ndani ya nyonga. Nilijiandaa kuumwa mbele. Kilichonitesa kilikuwa tako la kulia: maumivu ya kuchoma, ya ndani kabisa, ambayo nikikaa kwenye kiti kigumu yananikata pumzi. Nilikaa nikiamini nimekatwa mshipa. Siku ya kliniki daktari akaniambia, bila hata kuinua macho, kwamba baadhi ya wanaofungwa kwenye kano hilo huumwa tako, na mara nyingi hupoa lenyewe baada ya wiki kadhaa. Kumbe walijua! Maneno ya dakika moja yangenipunguzia hofu yote ile, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Kwa hiyo wewe ambaye hujaingia chumba cha upasuaji, uliza: nitafungwa wapi, na nitaumwa wapi?

Sasa dawa. Parasetamo siku za mwanzo inamezwa kwa saa zilizopangwa, hata kama unajisikia nafuu. Kwa mtu mzima asiye na tatizo la ini wala uzito mdogo, ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Angalia usimeze na dawa ya mafua yenye parasetamo ndani yake. Ibuprofeni husaidia sana uvimbe, ila mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo aachane nayo mpaka azungumze na daktari. Ukiyaacha maumivu yapande ndipo umeze, utakesha.

Kodeini na tramadoli, dawa kali za maumivu, hufunga choo, na choo kigumu juu ya mshono mbichi ni adhabu. Omba dawa ya kulainisha choo mapema, kabla hakijagoma. Mimi nilikuwa naweka miguu juu ya kigoda, nainama mbele viwiko vikiwa magotini, nafungua mdomo na kupumua taratibu. Sikujikamua. Nikitaka kukohoa nabana mto tumboni. Kuamka nageukia ubavu, nashusha miguu, najisukuma kwa mkono, kwani ukiinuka moja kwa moja kama zamani utajuta.

Vitu vizito usiguse kwa wiki 6 au zaidi, kadiri daktari wako atakavyosema. Ndoo, gunia, mtoto anayetembea, vyote vitanyanyuliwa na wengine. Na wenzangu, tuache kujisifu kwa kuumia kimya kimya. Mwili uliobeba mimba na mizigo miaka yote hauna deni na mtu. Anayekuambia uzoee, mwambie akufulie nguo.

Ila yapo maumivu ambayo hayatakiwi kutulizwa nyumbani: yanayoongezeka kila siku badala ya kupungua, yanayoambatana na homa au uchafu wenye harufu mbaya, damu inayolowesha pedi kwa muda mfupi, mkojo kugoma kutoka, mguu kufa ganzi, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Ukibanwa kifua au pumzi, ndiyo kabisa. Hapo usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.