Kuhusu kijana wako anayechora kifaa cha sukari

Mkuu, nimesoma uzi wako na majibu yote ya waliotangulia. Kwa aliyechelewa: kijana wa mleta mada yuko kidato cha tatu, bibi yake alifariki kwa kisukari mwaka jana, na tangu hapo daftari lake la fizikia limejaa michoro ya kifaa cha kupima sukari bila kutoboa kidole. Baba mtu anauliza kama hayo ni machungu ya msiba yatakayopoa yenyewe, au kuna kitu cha kushika hapo. Wengi mmemjibu "mwache asome kwanza", kana kwamba anachofanya sasa si kusoma.

Mimi ni nesi. Sehemu kubwa ya kazi yangu imepita chumba cha dresingi, kile ambacho ndugu wa mgonjwa wakifika mlangoni wanageuza shingo. Acha nikusimulie jambo moja la humo kwanza, swali lako nitalirudia.

Mwaka 2014 alikuja mama wa uzazi wa kwanza, siku ya saba baada ya operesheni, kutoa nyuzi. Nikabandua plasta, nikatazama. Tulifundishwa dalili nne: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Uvimbe ulikuwepo kidogo, lakini mshono gani mpya haujavimba? Maumivu, nani hana? Joto sikuligusia sana, nilikuwa nimevaa glovu na foleni ilikuwa hadi nje. Wekundu sikuuona. Ngozi yake nyeusi kama yangu, na ule wekundu wa kitabuni umepigwa picha kwenye ngozi ya Mzungu. Akaniambia, "Sista, mbona kama panavuta upande huu." Nikamjibu kawaida mama, nyama zinaungana. Nikatoa nyuzi, nikamruhusu.

Alirudi baada ya siku nne. Harufu ilimtangulia. Alikuwa amekunja khanga mara tatu akaibana tumboni kwa kiganja, na alipoiachia nikaona mshono umefumuka karibu nusu. Alilala wodini wiki tatu. Kila nilipomsafisha, mama mkwe wake alikuwa akimtembeza kichanga kwenye korido, na mtoto akilia, yule mama alikuwa anauma ncha ya khanga ili asitoe sauti. Sikuwahi kumwambia kwamba siku ya saba niliyepitiwa ni mimi.

Wala hakuwa peke yake. WHO waliandika mwaka 2016 kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa operesheni hupata maambukizi ya kidonda.

Sasa 2021 niko zamu ya usiku, nasoma kwenye simu habari za binti wa Marekani, Dasia Taylor, miaka 17, mwanafunzi wa sekondari mjini Iowa City. Katengeneza uzi wa kushonea vidonda uliolowekwa kwenye maji ya bitiruti. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) ni kama 5. Kidonda kikiingiwa na wadudu, pH inaweza kupanda hadi kama 9. Na bitiruti hubadilika rangi kwenye kiwango hichohicho, kutoka wekundu mkali kwenda zambarau iliyokolea. Alijaribu nyuzi za aina nyingi, na mchanganyiko wa pamba na poliesta ndio ulioshika vizuri. Kazi hiyo ilimwingiza kwenye wanafunzi 40 wa fainali za Regeneron Science Talent Search, shindano la sayansi la wanafunzi wa sekondari Marekani.

Nilijaribu nyumbani, nisiseme uongo. Nilichemsha bitiruti moja, nikaloweka uzi wa cherehani usiku kucha, asubuhi kipande kimoja nikakidondoshea ndimu na kingine maji ya magadi. Cha ndimu kilibaki chekundu. Cha magadi kilipiga giza huku natazama, chai yangu ikapoa.

Lakini kilichonikalisha kitako ni alikoanzia. Alikuwa amesoma kuhusu nyuzi za kisasa zinazopima hali ya kidonda kwa umeme na kupeleka taarifa kwenye simu ya mgonjwa au daktari. Mtu mwingine angeshangilia. Yeye akauliza: na yule asiye na simu ya namna hiyo wala intaneti, atajuaje? Akawafikiria wanawake wa nchi zetu wanaofanyiwa operesheni ya uzazi, watu asiowahi kukutana nao. Kuanzia hapo akatafuta kitu cha sokoni kinachoonekana kwa macho. Mimi nikaongeza langu kichwani: uzi unaobadilika rangi haujali uko kwenye ngozi ya nani.

Msinielewe vibaya, nina maswali na uzi ule. Maambukizi mengi huanzia chini, nyama za ndani, wakati uzi wa juu bado unang'aa. Madaktari wengi siku hizi hushona mshono wa kujificha chini ya ngozi, hapo rangi utaiona wapi? Na sisi tunavyopaka iodini, kila kitu kahawia! Hayo yote ni ya kufanyiwa kazi, na hayafuti swali aliloanza nalo. Mimi nilikuwa na majeraha mbele yangu kila siku na sikuwahi kuliuliza.

Wapo pia walioanza na msiba, kama kijana wako. Jack Andraka wa Maryland alikuwa na miaka 15 alipochukua tuzo kuu ya Intel ISEF, maonyesho ya kimataifa ya sayansi ya wanafunzi, mwaka 2012, dola 75,000, kwa kikaratasi cha kugundua saratani ya kongosho. Alifiwa na rafiki wa familia aliyekuwa kama baba mdogo kwake. Aliandikia maprofesa kama 200 kuomba maabara, akakubaliwa na mmoja tu, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kwa hiyo anayesema machungu hayafiki mbali, huyo hapo. Ila kile kikaratasi hakijawa kipimo cha wodini, na wanasayansi wengine walihoji mapema kama kingefanya yote yaliyodaiwa. Machungu yalimtosha kuandika barua 200. Kutoka hapo hadi mkononi mwa mgonjwa kuna kazi ya aina nyingine kabisa, ya miaka, na haina makofi.

Turudi kwa wako. Kupima sukari bila kutoboa ngozi ni mlima ambao makampuni yenye mabilioni hayajaumaliza. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu saa na pete zinazodai kufanya hivyo, ikasema haijaidhinisha hata moja. Mwambie hilo waziwazi. Usimwambie kama mtu anayemfungia mlango, mwambie kama mtu anayempa ramani. Na asije akajaribu michoro yake kwa jirani mwenye sukari kisha jirani akaacha kupima. Hilo nakuomba sana.

Halafu mpeleke akakae kliniki ya sukari nusu siku. Mimi huwa nasaidia huko tukipungukiwa. Atakachokuta hakimo kwenye mchoro wake. Wazee wengi hawalalamikii sindano. Mashine anayo, kanunuliwa na mtoto wake aliyeko mjini, ila vile vijiti vya kuweka damu vimeisha tangu mwezi juzi na kopo jipya ni pesa ya mboga ya wiki kadhaa. Yupo bibi mmoja hupima Jumapili tu, akitoka kanisani, kwa sababu ndiyo siku mjukuu anayejua kusoma kioo yuko nyumbani. Mwingine anahifadhi vijiti kwenye kabati juu ya jiko la mkaa, vinaharibika kwa joto na unyevu, kisha anashangaa namba zinaruka. Muulize mwanao bibi yake alikuwa yupi kati ya hao. Huenda analijua jibu kuliko wewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimsomea namba.

Akishapata swali lake, kuna maonyesho ya YST, Young Scientists Tanzania, ya wanafunzi wa sekondari. Aongee na mwalimu wake wa sayansi mapema, wala asisubiri kifaa kikamilike.

Kama mko mkoa wa karibu na nilipo, nitumie ujumbe. Kliniki ni Jumanne, wazee huanza kufika saa 12 asubuhi wakiwa hawajala, na huo ndio muda wanaozungumza. Aje na daftari jipya.