Kila Hela Ina Kazi Yake: Nilichofundishwa na Wateja wa Magulioni Mtwara

Mwaka wangu wa pili wa biashara nilipakia magodoro kumi na mawili kwenye Fuso, nikatoka Mtwara mjini karibu kilomita 200 hadi gulio moja upande wa Masasi. Ilikuwa Juni. Hesabu nilizipiga: ufuta umeanza kuvunwa, shule zinakaribia kufungwa, ngoma za unyago zinakuja, kwa hiyo hela ipo. Na kweli hela ilikuwepo. Usiku nilirudi mjini na magodoro yangu kumi na mawili.

Watu walikuja. Walibonyeza, wakasifu, wakauliza bei, wakasema watarudi. Saa nane nikashusha bei, saa kumi nikashusha tena. Wapi! Kwa jirani yangu, muuza kanga, watu walikuwa wanasukumana. Mama mmoja mtu mzima, ambaye alikuwa ameshabonyeza godoro langu mara mbili, nikamwona anafungua fundo kwenye pindo la kanga yake na kuhesabu noti sita za elfu kumi kumi. Nikamfuata.

“Shikamoo mama. Godoro hukulipenda?”

“Marahaba mwanangu. Nimelipenda sana. Ila hii ni hela ya mwali. Godoro lina hela yake, ngoja korosho.”

Sentensi hiyo imenifaa kuliko mtaji wowote niliowahi kukopa. Nilikuwa nawaza mteja ana hela au hana, basi. Kumbe anayo, ila imeshapewa kazi kabla hajatoka nyumbani. Baadaye, niliposoma cheti cha masoko jioni jioni, nilikuta mwanauchumi wa Marekani, Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameandika sana juu ya jambo hilohilo: mtu huigawa hela yake kichwani katika mafungu, na fungu moja haligusi la mwenzake hata kama noti ni zilezile. Nilisoma nikimkumbuka yule mama na fundo lake.

Siku ile ya gulio nilibaki pale nikimtazama yule mama anavyonunua. Ukitaka kuelewa tabia ya mteja, simama karibu na mtu anayechagua kanga. Alikunjua moja ya rangi ya machungwa, akaipeleka kwenye mwanga, akaipenda waziwazi. Akaomba asomewe jina. “Mchimba kisima huingia mwenyewe.” Akaikunja palepale. “Hii hapana, wifi yangu atasema nimemlenga yeye.” Akachukua doti nyingine, rangi imefifia kidogo, imeandikwa “Wema hauozi”, na hakuomba apunguziwe hata shilingi mia. Kitambaa ni kilekile, kiwanda kilekile. Alichokuwa analipia ni namna atakavyoonekana mbele ya ukoo siku ya kumtoa mwali. Muuzaji ambaye angekazania ubora wa pamba angekuwa anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Tangu siku hiyo, mteja akisimama kwangu sianzi na bei. Nauliza, “Ni ya nani?” Ukijua ya nani, umejua inatoka fungu gani, na umejua kama kushusha bei kutasaidia au utajiumiza bure.

Sasa korosho, maana huku kusini ndiyo kalenda yetu. Wageni wengi wanaoleta bidhaa huwahi Oktoba wakisikia msimu umefunguliwa, halafu wanalalamika watu hawanunui. Mkulima akipima korosho kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa kijijini kwake, hela haipati pale. Mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani, mnunuzi analipa, ndipo hela inashuka kwenye akaunti ya mkulima. Utaratibu huu, unaoitwa stakabadhi ghalani, ulianza kwenye korosho mwaka 2007, lakini bado nakutana na wafanyabiashara ambao hawajauelewa. Kutoka mzani hadi benki zinaweza kupita wiki kadhaa, na vijiji viwili vinavyopakana vinaweza kupishana: huku wamelipwa mnada wa kwanza, kule bado. Kwa hiyo kabla ya kukodi gari napiga simu na kuuliza, “Mmeshalipwa mnada wa ngapi?” Simu ya dakika mbili, imeniokoa nauli nyingi.

Na hela hiyo ikiingia, usipeleke unga zaidi. Msimu wa 2017, bei minadani ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, sikuona mtu akila ugali mara mbili. Niliona mabati, pikipiki, magodoro, sola. Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alilisema mwaka 1857: kipato kikipanda, sehemu yake inayokwenda kwenye chakula hupungua.

Mafuta ya kula ya kupima nayo yana fungu lake. Anayenunua ya mia tano kila jioni anajua fika kwamba lita nzima ingemtoka nafuu. Hela yake ya mboga inapatikana kwa siku, naye ananunua kwa siku. Usimhubirie, mpimie.

Kuhusu kukopesha hadi korosho, hapo naomba uwe mwangalifu mno. Nilikopesha msimu mmoja, malipo yakachelewa, nikakosa hela ya mzigo na nikapoteza wateja niliowapenda, kwa sababu mwenye deni hukwepa njia ya dukani kwako. Sasa nimegeuza: mteja ndiye anayeniwekea mimi. Kuanzia Agosti analeta elfu mbili, elfu tatu, kila gulio. Naandika kwenye daftari langu na kwenye kadi yake, na godoro lake nalitenga pembeni, jina lake nimeliandika kwa maka peni kwenye nailoni. Akipita analiona. Hela ya korosho ikiingia anamalizia, analibeba.

Daftari hilo lina upande wa pili, na kama ungeniuliza uanze na kipi, ningesema huo. Naandika waliouliza wakaondoka, na maneno waliyotumia wenyewe. Ukurasa wa juzi una watu wanne walioulizia godoro jembamba, la mtoto anayekwenda bweni Januari. Sijawahi kuleta la namna hiyo. Ijumaa nampigia mtu wangu wa Kariakoo.