Angalia visigino kwanza

Mama alipopata kiharusi, upande wote wa kushoto ulilegea. Hospitali ya KCMC walimhudumia vizuri, wakampa ruhusa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Nyumbani Kibosho njia ni mteremko mtupu, choo kiko nje, na sisi watoto tunashinda kazini mjini. Tukampeleka kwenye kituo binafsi cha uangalizi na mazoezi hapahapa Moshi, jina silitaji. Siku ya kwanza nilikagua vigae, bustani na ucheshi wa dada wa mapokezi. Nikaridhika, mjinga mimi.

Wiki ya tatu nikaenda bila kupiga simu. Kikombe cha maji kilikuwa kimejaa pomoni, kimewekwa upande wa kushoto, ambako mkono haufiki. Midomo ya Mama ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Ukutani palikuwa na karatasi ya kumgeuza, ile ambayo nesi anaweka tiki kila baada ya saa mbili. Tiki zilikuwa zimefika saa kumi na mbili jioni. Nikatazama saa yangu: saa tisa na dakika kumi alasiri.

Nikafunua shuka. Kwa ngozi zetu usisubiri kuona wekundu, pagusa. Kisigino kilikuwa cha moto kuliko mguu wenyewe, rangi imekwenda kwenye zambarau, na nyama ya ndani ilibonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Kidonda cha kulalia kinaweza kuanzia chini, ngozi ya juu ikiwa bado nzima. Kwa hiyo ukimtembelea mgonjwa wako, kabla ya soga, angalia visigino, nyonga na pale mwisho wa uti wa mgongo. Wakikuzuia kufunua shuka, umeshapata jibu.

Kutafuta kituo kingine nilienda Jumapili alasiri, wakati bosi hayupo. Niliuliza usiku nesi mmoja anabaki na wagonjwa wangapi. "Tupo wa kutosha, usijali" si jibu, nilitaka namba. Niliomba pia kuona leseni za Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wanaojiamini hawanuni.

Kisha nikakaa hadi muda wa chakula. Hapo utajua mengi. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa hata na maji, maana koo nalo limelegea. Awe ameketi wima, kijiko kiwe kidogo, na anayelisha asubiri ameze ndipo aongeze. Akishiba asilazwe papo hapo, akae kama nusu saa. Mahali pamoja nilikuta bibi wa watu analishwa uji huku amelala chali, anayemlisha macho yako kwenye simu. Niliondoka bila kuaga.

Tazama na wanavyomnyanyua. Mkono uliolegea hauvutwi, bega linaweza kuachia. Wanamshika kiunoni au kwenye mgongo. Na mazoezi: uliza nani kayapanga, na wiki mbili zijazo wanataka Mama aweze nini. Kuketi bila kuegemea? Kusimama akishika kitanda? Kijana wa kukunja miguu mara kumi na kwenda zake si mtaalamu wa fiziotherapia, na Moshi hatuna kisingizio, KCMC wanawafundisha tangu miaka ya 1970.

Harufu ya mkojo alfajiri kabla hawajabadilisha pampasi nitaisamehe. Saa tano, hapana.

Tulipomhamishia sakafu ni ya saruji, bustani hakuna, ni migomba mitatu tu. Nilipofika bila taarifa, mhudumu alikuwa amechuchumaa mbele yake, amemkamatisha kikombe mkono wa kulia, anamsemesha Kichagga. Mama, ambaye alikuwa hajasema neno la maana kwa siku kadhaa, akanigeukia kulalamika: mtori wao hauna chumvi.

"Ni presha, mama," yule mhudumu akamjibu, na hakumwongezea.