Pleya ipi itamfaa anayejifunza Kijerumani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni muuguzi Korogwe, na jioni nasoma Kijerumani nikilenga mtihani wa B1, yaani kiwango cha kati. Simu inanisumbua. Nikianza tu kusikiliza somo, ujumbe unaingia, najibu mmoja, unaingia wa pili, nikija kushtuka nusu saa imepita na somo sijui limefika wapi. Nataka kidude cha kujitegemea, nisikilize masomo na taarabu zangu ndani ya basi au usiku wa zamu wodi ikitulia. Nina laki moja na nusu. Kijana wa dukani ananishauri pleya yenye Bluetooth, GB 128 na sauti ya ubora kupita CD; anasema matamshi ya Kijerumani hayatoki vizuri kwenye MP3 ya kawaida. Mwalimu wetu naye hututumia mazoezi ya sauti kwa WhatsApp. Ninunue ipi?

JIBU: Nzuri, dada, na pole na zamu. Nitaanza na jibu lenyewe: usinunue pleya ya muziki. Nunua rekoda ya sauti, vile vidude vyembamba ambavyo waandishi wa habari huwaelekezea viongozi mdomoni. Taarabu itapiga vizuri tu humo, na masomo yatakwenda kwa namna ambayo pleya nyingi za bei hiyo haziwezi.

Tofauti iko kwenye vitufe. Msikilizaji wa muziki anabonyeza mara moja, wimbo unakwenda mpaka mwisho. Anayejifunza lugha anarudi nyuma kila baada ya sekunde chache: hapo kasemaje? Pleya ya bei nafuu ukiiambia irudi, inakupeleka mwanzo wa faili, na faili la somo linaweza kuwa la dakika ishirini na tano. Ukishikilia kitufe irudi pole pole, inaruka kuliko ulivyotaka. Ukifanyiwa hivyo mara kadhaa utaacha kurudi, na ukiacha kurudi, somo limegeuka kelele za nyuma kama redio ya jirani.

Rekoda ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa na hotuba aliyoinasa na kuiandika neno kwa neno, ndiyo maana nyingi zina marudio ya A-B. Chukua sentensi utakayoisikia sana kazini, kama unalenga hospitali za Ujerumani: Können Sie mir bitte sagen, wo die Notaufnahme ist? Mtu anauliza idara ya dharura iko wapi. Unabonyeza kitufe kabla ya Können, unabonyeza tena baada ya ist, na kuanzia hapo kipande hicho cha sekunde tatu nne kinazunguka chenyewe mpaka ukikatize. Mwanzoni utasikia mvumo mmoja mrefu. Kikizunguka tena na tena, utaanza kusikia sagen inaishia wapi na wo inaanzia wapi. Hapo fungua mdomo, sema pamoja nayo bila kusubiri zamu yako. Kisha nasa sauti yako kwenye rekoda hiyo hiyo, usikilize moja baada ya nyingine. Inaudhi kujisikia, lakini hakuna mwalimu wa jioni mwenye nafasi ya kukufanyia hivyo kwa kila sentensi.

Kitu cha pili ni kupunguza kasi bila kuharibu sauti. Enzi za kaseti, mkanda ukienda taratibu, sauti ya mwanamke iligeuka ya mwanamume. Vifaa vya sasa hukata sauti vipande vidogo mno, kila kimoja sehemu ndogo tu ya sekunde, na kuvipanga upya kwa kurudia baadhi yake, hivyo maneno yanarefuka na sauti inabaki ile ile. Ina mpaka wake, lakini. Ukishuka sana, kwa masikio yangu chini ya asilimia 70 ya kasi ya kawaida, herufi za kugonga kama t na k zinaanza kufifia au kujirudia, na unajifunza Kijerumani kisichosemwa popote. Asilimia 80 inatosha. Na kila ukimaliza kipande, kirudishe kwenye kasi kamili kabla ya kuondoka, kwa sababu sehemu ya kusikiliza kwenye mtihani wa B1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, ni dakika kama 40, ina vipande vinne, na cha pili na cha tatu husikilizwa mara moja tu. Hakuna wa kukupunguzia.

Nikitaja kifaa kwa jina, Sony ICD-PX470 ni mfano mzuri. Ina GB 4 za ndani, tundu la memori kadi ya microSD, spika yake ndogo, marudio ya A-B, kasi inayobadilishwa, na plagi ya USB inayochomoza kwenye mwili wake, kwa hiyo huna waya wa kupoteza. Inatumia betri mbili za AAA. Hilo la betri watu hulidharau. Pleya ya betri ya ndani ikizeeka, umekwisha. Na umeme ukikatika jioni nzima, utaitazama tu. AAA zipo hata kwa Mangi. Olympus WS-853 nayo ni ya aina hiyo, GB 8 ndani. Olympus walikwisha kuiuza biashara ya rekoda na kamera, na siku hizi jina ni OM System, kwa hiyo usishangae ukiona majina mawili. Iliyotumika kidogo si mbaya, mradi vitufe havijalegea na sehemu inayoshika betri haina kutu ya kijani.

Jambo dogo ambalo limewafanya wengi warudishe rekoda nzima dukani: huwa zina matundu mawili yanayofanana, moja la maiki na moja la hedifoni. Ukichomeka hedifoni kwenye tundu la maiki hutasikia kitu. Soma alama pembeni kabla ya kulaumu.

Sasa huyo kijana. Kusema Kijerumani hakitoki vizuri kwenye MP3 kunachekesha kidogo, maana MP3 kwa sehemu kubwa ilitengenezwa na Wajerumani wenyewe, taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, na jina la .mp3 kwenye mafaili lilichaguliwa mwaka 1995. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde (ndicho kiasi cha data kwa kila sekunde ya sauti) hubakiza sauti mpaka karibu hezi 16,000, hezi zikiwa kipimo cha wembamba wa sauti. Simu ya kawaida ya kupiga ilizoeleka kukata kwenye hezi 3,400 hivi, ndiyo maana mtu akikutajia jina simuni unamuuliza ni f au s. Sauti nyembamba za Kijerumani ziko juu ya hapo, lakini ziko ndani kabisa ya kile MP3 inachobeba. Mafaili makubwa ya ubora wa CD yana maana kwa mwenye hedifoni za bei mbaya aliyekaa chumbani kimya. Wewe uko ndani ya basi.

Kinachoharibu matamshi ni hedifoni. Zile zinazosifiwa kwa besi nzito hufunika konsonanti. Jaribu kwa maneno mawili: Kirche, kanisa, na Kirsche, tunda la cheri. Kinachoyatenganisha ni mpulizo wa katikati tu, wa kwanza mwembamba, wa pili mzito kidogo kama sh yetu. Mwombe mwalimu akunasie yote mawili mara kadhaa bila mpangilio, uyasikilize dukani kwa hedifoni unayotaka kununua. Zikikuonyesha tofauti, chukua, hata kama ni za bei ya chini. Za mpira unaoziba sikio zina faida nyingine: zinazuia mngurumo wa basi, hivyo hulazimiki kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ndani ya basi ukiwa na hedifoni zisizoziba ni rahisi kuzipita bila kujua. Wodini vaa sikio moja, lakini hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Bluetooth kwa muziki, sawa. Kwa lugha inakera kwa njia ambayo haitajwi kwenye boksi. Baadhi ya hedifoni zisizo na waya hulala kidogo sauti ikinyamaza, na zikiamka zinameza silabi ya kwanza. Mazoezi ya lugha yamejaa ukimya: mwalimu anasema, ananyamaza ili wewe ujibu, anasema tena. Utakuwa unapoteza mwanzo wa kila sentensi, na mwanzo wa sentensi ya Kijerumani mara nyingi ndipo kitenzi cha swali kilipo. Tena sauti huchelewa kidogo njiani kufika masikioni, hivyo alama za A na B zinaangukia mahali usipopakusudia. Tumia waya.

Kuhusu GB 128, piga hesabu. Kwa kilobiti 128, dakika moja ni karibu MB 1, saa moja kama MB 58. Kadi ya GB 32 inachukua zaidi ya saa 500. Huna masomo ya saa 500, na hata ukiongeza taarabu zote za Tanga na Unguja, nafasi itabaki. Kadi za GB 64 kwenda juu huja na mpangilio wa exFAT, ambao vifaa vingi vya bei ndogo havisomi. Za GB 32 kushuka huja na FAT32, na hazileti ubishi. Halafu kadi za kughushi zimejaa mtaani, zilizoandikwa kubwa na ndani ni ndogo. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, ila yaliyozidi ukiyafungua hayana kitu. Programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw huijaza kadi kisha huisoma yote, inakupa ukweli. Iendeshe siku ile ile ya kununua, risiti ikiwa bado mkononi.

Pleya zenyewe sizipuuzi kabisa. Walkman ya Sony yenye Android, NW-A306, inaweza kufanya karibu yote niliyoyataja kwa kuwekewa programu, ila ilipotoka Ulaya mwaka 2023 ilikuwa kama euro 400, zaidi ya milioni moja ya shilingi. iPod ziliachwa kutengenezwa mwaka 2022, na za zamani nyingi zinadai upitie programu ya Apple kwenye kompyuta kila unapoongeza somo. Ukikutana na SanDisk Clip+ au Clip Zip ya mtumba yenye betri nzima, hiyo ni bahati: mtu anayejua kompyuta kidogo anaweza kuiwekea programu ya bure ya Rockbox, ikapata alama za kukumbuka ulipoishia na kasi inayobadilika bila kuharibu sauti.

Iko pia njia isiyogharimu. Kama una simu kuu kuu ndani ya droo, itoe laini, zima data na Wi-Fi, weka VLC, programu ya bure ya kuchezea sauti na video. Inacheza kila aina ya faili na kasi unairekebisha. Ila kuendesha skrini ya kugusa bila kuitazama, mkono ukiwa mfukoni, haiwezekani, na kutoa simu dirishani mwa basi linapopunguza mwendo kituoni unajua mwisho wake. Rekoda utaijua kwa vidole ndani ya wiki.

Mazoezi ya mwalimu yatakupa kazi kidogo. Sauti za WhatsApp huhifadhiwa kwa aina ya opus, na rekoda nyingi hazizitambui. Hazitaonekana hata kwenye orodha. Zipeleke kwenye kompyuta, VLC ya kompyuta inazigeuza kuwa MP3. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua kilobiti zisizobadilika, 128, kwa sababu mafaili ya kilobiti zinazopanda na kushuka huvuruga hesabu ya dakika kwenye vifaa vya bei ndogo, ukaruka dakika ya 5 ukatua ya 7. Mafaili yape majina yanayoanza na 001, 002, 003, na kila sura iwe na folda yake. Vifaa vingine havipangi kwa majina bali kwa zamu yalivyonakiliwa, hivyo nakili folda nzima kwa mkupuo, tena kwenye kadi tupu. Kuhusu masomo ya kujazia, Deutsche Welle wana taarifa ya habari inayosomwa taratibu kwa wanaojifunza, sauti pamoja na maandishi yake, na wachapishaji wengi wa vitabu vya Kijerumani huruhusu kupakua sauti za kitabu bure kwenye tovuti zao.

Ukienda Kariakoo au Tanga mjini, nenda na kadi yako yenye somo moja refu, hayo maneno mawili ya cheri na kanisa, na wimbo unaoujua vizuri. Mwambie muuzaji akuonyeshe A-B ilipo; asipoijua, itafute mwenyewe kwenye menyu kabla hujalipa. Punguza kasi usikie sauti imebaki ya mtu. Kisha cheza somo mpaka katikati, zima, toa betri, zirudishe, washa. Likiendelea pale pale, lipa. Likianza mwanzo, mrudishie, hata akipunguza bei.