Daftari la mapishi usimpe mtu. Mpelekee pakiti

Mkuu, usisaini. Kama kalamu umeishika, iweke chini kwanza.

Umeandika kwamba mgahawa wako wa vyakula vya pwani hapo Magomeni, Dar, unajaa, biriani ya Ijumaa inaisha kabla ya saa nane, na sasa kuna mtu wa Dodoma anataka akulipe atumie jina lako. Wewe umfundishie mpishi wake, umkabidhi daftari la mapishi, kisha kila mwezi akutumie asilimia ya mauzo. Unatuuliza ada ya kuingilia iwe kiasi gani, Mwanza uifuate lini, na benki gani inakopesha biashara za namna hii. Nilipofika kwenye neno "daftari" niliinuka kwenye kiti. Daftari kama hilo mimi nililikabidhi kwa jamaa mmoja wa Dodoma, kwa mikono miwili, na picha tukapiga.

Aliyenituma huko ni mtaalamu mmoja wa semina za hotelini, zile za kulipia kiti halafu unapewa kalamu na maji ya chupa. Alichora mduara ubaoni akasema franchaizi, yaani kumkodishia mtu jina lako na namna yako ya biashara, ni mfumo, na mfumo ni maandishi, kwa hiyo andika kila kitu, hata ukifa leo biashara itaendelea. Na kweli iliendelea. Ila si ya kwangu, na sikuwa nimekufa.

Wateja hawakuwa tatizo, hilo nikwambie mapema. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji ule umejaa watu waliokulia Tanga, Dar na Unguja, wanaolala wakiota pilau ya kwao. Mwanzoni jamaa alipika kama daftari linavyosema. Kisha akaanza kulisoma kwa macho ya mhasibu. Iliki ni ghali, akaipunguza. Zafarani ikageuka rangi ya unga. Samli ikawa mafuta ya alizeti, maana Singida ni jirani. Nyama ikaacha kulazwa kwenye mtindi na papai bichi, ikawa inachemshwa tu. Na biriani yetu unaijua, rojo linapikwa mbali na wali. Wali unaweza kuupaka rangi ukapendeza kwenye simu, lakini rojo likiwa jepesi halina pa kujificha. Unakula nyanya na chumvi.

Mimi niko Dar, sijui lolote. Nilianza kujua pale wateja wangu wa siku zote waliponiambia, "Siku hizi mmeshuka." Mmeshuka nani? Sufuria ni ile ile, mpishi ni yule yule! Kumbe walikuwa wamekula Dodoma. Sasa hivi treni ya umeme ya SGR ya Dar hadi Dodoma imeanza tangu 2024, mtu anakula kwako mchana na usiku anakula kwa huyo jamaa wako. Sahani mbili chini ya jina moja ndani ya siku moja. Unadhani atamlaumu nani?

Tuje kwenye asilimia. Mtaalamu wa mduara alisema asilimia tano ya mauzo ndiyo kiwango cha dunia. Asilimia tano ya nini? Ya kile anachokwambia ameuza. Kwa hesabu alizokuwa akinitumia yule bwana, Dodoma nzima ilikuwa imefunga Ramadhani mwaka mzima. Utamkagua vipi? Utakaa mlangoni uhesabu sahani? Mashine ya risiti inajua tu kile ilichobonyezwa.

Mwisho wake, alipokwisha kujua kila kitu, akashusha kibao changu akapandisha chake. Mpishi yule yule, meza zile zile. Wakili aliusoma mkataba akaniuliza, "Ulimuuzia nini hasa? Maarifa ameshayapata, na kichwani hatuyatoi." Nilimlipa ada yake kwa sentensi hiyo moja.

Ndiyo maana nakwambia: usimpe mtu jina lako mpaka viungo viwe ndani ya pakiti unayoifunga wewe mwenyewe. Ukishindwa hilo, tawi usifungue.

Yule mzee wa Kentucky mwenye ndevu nyeupe, Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC ya kuku wa kukaanga, hakuanza kwa semina. Mwaka 1952 alikubaliana na mwenye mgahawa wa Salt Lake City aitwaye Pete Harman amlipe senti 4 za dola kwa kila kuku. Viungo alivituma vikiwa vimeshachanganywa, hakutuma karatasi ya mapishi. Hadi leo inaelezwa kwamba kampuni moja inachanganya nusu ya viungo na nyingine nusu ya pili. Na ile Januari 2022 KFC Kenya walipoishiwa chipsi watu wakawacheka, eti nchi imejaa viazi. Ni kweli kichekesho, na mimi nilicheka. Lakini angalia kilicho nyuma yake: mwenye duka hakuruhusiwa kununua kiazi cha mtu ambaye hajaidhinishwa. Wangemwachia anunue popote, angeanza na kiazi akamalizia na kuku.

Pakiti inafanya kazi mbili. Ladha haishuki, sawa. Lakini kubwa zaidi ni kwamba pakiti inahesabu. Pima pakiti moja iwe ya sufuria moja, kwa kilo za mchele ulizozipanga wewe, na faida yako uiweke ndani ya bei ya pakiti. Akinunua pakiti 40 unajua amepika sufuria 40, hakuna cha asilimia wala ripoti ya mwezi. Akisema biashara mbaya huku anaagiza nyingine kila wiki, unacheka tu. Akiacha kuagiza na foleni bado ipo mlangoni, umeshamkamata.

Utasema mpishi mzuri akinusa atajua kilichomo. Atajua vilivyomo. Uwiano, na vipi vilikaangwa kabla ya kusagwa, atahangaika navyo. Anayeweza kabisa hakuhitaji tangu mwanzo, mwache aende. Ila usisage vingi ukaweka stoo, iliki iliyosagwa inapoteza harufu haraka. Saga kidogo, andika tarehe, tuma mara kwa mara kwa basi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, waulize habari za mashine za kusaga na kufungasha, na TBS, shirika la viwango, uwaone mapema, maana usimamizi wa vyakula ulihamia kwao kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019.

Na menyu uikate. Hapa utanichukia. Samaki wa kupaka anataka tui la nazi iliyokunwa siku hiyo hiyo, na tui haliingii kwenye pakiti. Urojo nao una bajia, kachori na chatne, kila kimoja na mkono wake. Viache Magomeni. Dodoma peleka biriani na pilau tu, kwa sababu hizo ladha yake unaweza kuifunga. Yule wa semina aliniambia menyu ndefu inavutia mwekezaji. Ilimvutia kweli, akaichukua yote.

Kitu kingine kinachouma. Ukisajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, usidhani umelinda jina. Hilo ni la kukutambulisha tu. Kinachokupa nguvu ya kumzuia mwingine ni alama ya biashara na huduma, ombi lake ni tofauti na ada yake ni tofauti. Ni miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Alama huombwa kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma: omba daraja la 43 kwa ajili ya mgahawa, na la 30 kwa ajili ya viungo, ukikumbuka kwamba pakiti ndiyo mali yako. Na kama unaota kurudisha biriani Unguja, usajili wa Bara hauvuki bahari. Kule unaomba BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar.

Ada ya kuingilia, toza ndogo. Ukichukua milioni nyingi siku ya kwanza anajiona ameshakununua na deni limekwisha, kuanzia hapo kila pakiti ataiona kama wizi.

Mpigie leo huyo wa Dodoma. Mwambie daftari halipo tena, kuna pakiti, na mpishi wake atafundishwa moto na maji, basi. Akiuliza bei ya pakiti, endelea naye. Akiuliza kilichomo ndani, kata simu.