Jina Lilitangulia, Pesa Ikabaki Njiani

Wiki ya tatu tangu tamthilia yangu ya kwanza ianze kurushwa, kondakta wa basi alikataa nauli yangu. "Dada staa, wewe wa kupanda na sisi kweli? Gari liko gereji?" Abiria wakacheka, mmoja akanipiga picha. Nami nikacheka, nikairudisha ile noti kwenye pochi kwa madaha. Ndiyo iliyonirudisha nyumbani jioni.

Ukiniuliza ugumu wa kazi hii ya uigizaji uko wapi, naanzia hapo. Ndugu akiomba mchango ukasema huna, basi umeanza maringo. Mwenye nyumba akikuona kwenye runinga, anakumbuka kupandisha kodi. Mimi nilikopa nguo, nywele na viatu ili nifanane na picha yangu mwenyewe, na deni lile lilidumu kuliko tamthilia. Usikope kwa ajili ya jina.

Mkataba wangu wa kwanza niliusaini nimesimama, huku napakwa poda. Nililipwa mara moja, yakaisha. Tamthilia ikarudiwa, ikauzwa kwingine, ikapandishwa mtandaoni, mimi nikiulizwa tu na watu, "Sasa hivi unakula maisha, eh?" Kabla hujasaini, uliza marudio yanalipwa vipi, ya mtandaoni je, na sura na sauti yako wanaruhusiwa kuvitumia hadi wapi. Hata Marekani, mwaka 2023, waigizaji waligoma siku 118 kwa mambo hayohayo: malipo ya filamu zinazotazamwa mtandaoni, na hofu ya sura zao kutengenezwa na akili bandia bila ridhaa. Kama wao waliona wanapunjwa, wewe usione aibu kuuliza.

Kuhusu lokesheni, kule tunakorekodia, wengi hudhani kazi ni kuigiza. Kazi ni kusubiri. Unaitwa alfajiri, unapambwa, unakaa. Sini yako, kile kipande chako cha hadithi, inashutiwa jioni umeshachoka hata kutabasamu. Tena hadithi haifuatwi kwa mpangilio. Nimewahi kumzika mume Jumatatu na kuolewa naye Alhamisi.

Halafu kuna kosa ambalo hakuna aliyenionya. Tulikuwa na sini ya kilio, watu wawili. Nikalia kwa moyo wote, mara ya kwanza, ya pili, ya nne. Kumbe muda wote huo kamera ilikuwa kwa mwenzangu, mimi naonekana kisogo. Ilipogeuzwa kwangu, macho yalikuwa makavu kama ya samaki wa kukaangwa. Siku hizi kabla ya akisheni namuuliza dairekta: unaanza na nani? Machozi nayo yana akiba yake.

Na akiba hiyo nilikuwa naichota pabaya. Ili nilie, nilikuwa namkumbuka baba akiwa mgonjwa. Alipofariki, nikiwa nimekaa pale msibani, nikamsikia mama mmoja nyuma akinong'ona, "Hata kwenye ile tamthilia alilia hivihivi." Machozi yakakatika palepale, na siku nzima hayakurudi. Nilibaki najiuliza kama nalia au naigiza. Tangu hapo silipeleki kaburi langu mbele ya kamera. Nalia kwa mambo ya mhusika, na ikishindikana, wapo wenye dawa ya kudondoshea machoni. Sini nzito ikiisha, nafuta vipodozi, navaa nguo zangu, nampigia dada yangu ambaye hajawahi kumaliza hata sehemu moja ya tamthilia zangu. Tunazungumza habari za watoto wake. Tafuta mtu wa namna hiyo, umtunze.

Cherehani yangu sijaiuza, na ninakushauri nawe usiache ujuzi uliokuja nao. Juzi mteja aliyeleta gauni la kupunguza alinikodolea macho, kisha akauliza kama nina undugu na yule shangazi aliyewadhulumu yatima kwenye runinga. Nikamwambia ni pacha wangu, na hatuelewani.