Kwa mnaoanza kazi idara ya fedha ya jiji

Wadogo zangu, mtakaporipoti halmashauri mtakabidhiwa kitabu cha bajeti. Kabla ya kuhangaika na tarakimu, chukueni penseli, na pembeni mwa kila chanzo cha mapato andikeni: nani anaweza kukifuta kesho?

Mimi sikufundishwa hivyo. Mwaka wa fedha 2018/19 tulipanga kumalizia mtaro wa maji ya mvua sokoni kwa mapato ya ndani, hasa ushuru wa soko. Miezi ya mwanzo makusanyo yalikwenda vizuri. Desemba 2018 Rais Magufuli akatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo: shilingi 20,000 kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na mwenye nacho asisumbuliwe tena na ushuru. Muda si mrefu nikafuatana na mtoza ushuru sokoni. Mama muuza nyanya hakusema neno. Alikivuta kitambulisho kilichoning'inia shingoni, akatuonyesha, akaendelea kupanga mafungu yake. Jioni mashine ya risiti ilitoa karatasi fupi kama kidole.

Kwa yule mama ile ilikuwa haki yake, maana alikuwa akitoa hela kila siku, auze asiuze. Nalisema kwa moyo wote. Lakini bajeti yetu madiwani walikwishaipitisha Julai haijafika, fundi yuko saiti, na pengo tulizibe na nini? Mtaro ulibaki wazi masika yote, na watoto wa shule wakawa wanauruka.

Kodi ya majengo nayo ilihamia TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mwaka 2016, ada ya mabango ikafuata mwaka uliofuata. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa za mjini 5,000 kwa kila sakafu. Kukusanya kumekuwa rahisi, hilo sibishi. Ila taka za nyumba zilezile anazoa jiji, na fedha inapita Hazina kwanza. Msiipange kana kwamba iko mkononi.

Wakongwe watawasimulia kodi ya maendeleo (kodi ya kichwa) ilivyofutwa mwaka 2003. Wasikilizeni. Na kumbukeni hata jiji lenyewe huondoka: Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Mkataba unaotegemea ushuru mdogomdogo, ugaweni vipande. Kipande cha pili kisisainiwe kabla ya kuona makusanyo ya Desemba. Mweka hazina atanung'unika, mwonyesheni hesabu.

Mimi hotuba ya bajeti ya Juni naisikiliza na kalamu mkononi. Muswada wa Sheria ya Fedha ukitoka, nafungua kwanza sehemu inayogusa fedha za serikali za mitaa, napiga mstari kila ushuru uliotajwa, kisha nabisha hodi kwa mkurugenzi kabla madiwani hawajakaa.